Usinipangulie Vyombo

Nyumbani kwetu kuna watu wanne wanaopanga vyombo kwenye mashine ya kuoshea, na hakuna wawili wanaovipanga sawa. Mume wangu hupanga kwa aina: sahani zote upande mmoja, bakuli zote upande wa pili, vijiko katika chumba chao na uma katika chao. Binti yetu huweka popote penye nafasi, kisha husukuma trei kwa goti. Mimi hupanga kwa uchafu, na nitaeleza maana yake. Dada anayetusaidia kazi za nyumba, ambaye huipanga mara nyingi kuliko sisi watatu tukijumlishwa, ana mtindo wake ambao kwa muda mrefu hakuna aliyemuuliza sababu. Mama mkwe akija kututembelea kutoka Gatanga hujiunga na mzozo bila kuigusa mashine. Yeye huosha kila kitu kwa mkono kwenye sinki, akafuta, akarudisha kabatini, akaketi kutungoja tumalize kubishana.

Najua nyumba nyingi za Nairobi hazina mashine hii. Vyombo vinaoshwa kwenye sinki, au kwenye karai nje ya mlango, na maisha yanaendelea vizuri tu. Lakini yeyote aliyewahi kuishi na mtu mwingine, awe mume, dada wa tumbo moja au mwenzake wa chuoni waliyekodi naye chumba Roysambu, anaujua ugomvi huu. Nani ameacha sufuria ya ugali bila kuiloweka. Nani amesuuza glasi kwa maji yaliyokwisha kusuuza sufuria. Nani ameweka vyombo vikiwa bado na povu. Mashine imekuja juzi tu, ugomvi imeukuta.

Kinachoniuma si namna ya kupanga. Kinachoniuma ni kupangua. Mtu amemaliza kazi yake, ameifunga, anafuta meza, halafu mwingine anakuja nyuma yake, anafungua mlango wa mashine na kuanza kutoa sahani moja moja ili aziweke upya. Nimeliona hili jikoni mwetu kwa macho yangu. Mume wangu alikuwa ametoka kuangalia habari, akapita jikoni kuchukua maji ya kunywa, akaivuta trei ya chini, akaguna. Akaanza. Alitoa bakuli zilizokuwa kati ya sahani, akazipeleka pembeni, akageuza vijiko vyote vikatazama chini, akarudisha trei, akabonyeza, akaondoka na glasi yake. Hakusema neno baya. Hakusema neno lolote. Dada alikuwa amesimama pale pale kando ya sinki, kitambaa mkononi, akingoja amalize ili apate njia ya kupita.

Kesho yake asubuhi, tukifunga chakula cha shule, aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mama, kama Baba anataka kupanga mwenyewe, aniambie tu nisipange. Mimi sioni shida."

Aliona shida, na alikuwa na haki ya kuiona.

Mashine hii yenyewe ilizaliwa na mzozo wa aina hiyo hiyo. Aliyeitengeneza iliyofanya kazi kweli kweli ni mwanamke, Josephine Cochrane, wa mji wa Shelbyville katika jimbo la Illinois, Marekani. Alikuwa tajiri, mpenda karamu, na alikuwa na vyombo vya kauri alivyovithamini mno. Wafanyakazi wake walipokuwa wakiviosha, vilikuwa vikimeguka kingo, naye hilo likamkera. Mumewe alifariki mwaka 1883 na kumwachia madeni, na hapo wazo lililoanza kama malalamiko likageuka kuwa njia ya kupata riziki. Alipima sahani, vikombe na visosa vyake, akatengeneza vyumba vya waya vinavyokishika kila chombo mahali pake, akavizungusha ndani ya pipa la shaba huku maji yenye sabuni yakirushwa kutoka chini. Hataza, yaani haki ya mvumbuzi kwa alichobuni, alipewa Desemba 28, 1886. Kwenye maonyesho makubwa ya Chicago mwaka 1893, mashine zake zilikuwa zikiosha vyombo vya migahawa ya pale pale uwanjani. Wateja wake wa mwanzo walikuwa mahoteli na mikahawa, kwa sababu nyumba nyingi za wakati ule hazikuwa na maji moto ya kutosha kuiendesha.

Nikiisoma habari hii hunijia dada wetu. Chanzo cha mashine ni bosi asiyeridhika na mikono ya wafanyakazi wake. Hao wafanyakazi nao, sijui walikuwa na maoni gani kuhusu vyombo vile na idadi ya wageni waliovitumia, maana historia haikuwauliza.

Sasa tuje kwenye kupanga kwenyewe, kwa sababu hapa kuna mambo ambayo si ya mtu kujipendea, ni ya maji. Ndani ya mashine hakuna sponji wala waya wa kusugulia. Kuna mikono miwili au mitatu yenye matundu; pampu inasukuma maji, maji yanatoka kwa mwinamo, na nguvu yake yenyewe ndiyo inayoizungusha mikono. Maji hupashwa moto, kwa kawaida kati ya nyuzi 50 na 65, na yale yale hurudi kuzunguka mara nyingi kabla ya kumwagwa. Kwa hiyo swali ni moja: je, upande mchafu wa chombo hiki unayaona maji? Sahani iliyopewa mgongo wa sahani nyingine haiyaoni. Bakuli lililokumbatiwa na bakuli haliyaoni. Vijiko vikiwekwa pamoja katika chumba kimoja, vyote vikielekea upande mmoja, vinalaliana, na vinatoka na uji katikati. Hili ndilo mume wangu hakutaka kulikubali, kwa sababu vikiwa hivyo vinapendeza macho.

Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, kilitoa utafiti mwaka 2015 kuhusu jambo hili hili. Watafiti waliweka chembe yenye mionzi ndani ya maji ya mashine na kuifuata jinsi inavyosafiri kati ya sahani. Waliona kwamba maji hayafiki kila mahali kwa nguvu sawa. Wakashauri vyombo vyenye uchafu wa wanga viwekwe pale maji yanapopiga kwa nguvu zaidi, kuelekea katikati, na vile vyenye uchafu wa protini, kama kiini cha yai, viwekwe pembezoni, ambako sabuni hupata muda wa kuulainisha uchafu mpaka uachie. Walisema pia kwamba vyombo vingepangwa kwa duara vingesafishika vizuri kuliko kwa mistari kama trei zinavyotulazimisha.

Ndiyo maana mimi hupanga kwa uchafu. Sahani za ugali na wali kati, za mayai na vikombe vya chai ya maziwa pembeni. Utafiti ule ulifanywa kwa vyakula vyao, lakini wanga ni wanga, na hakuna anayeujua wanga kama mtu aliyewahi kubandua ukoko kwenye sufuria. Ugali ukikauka kwenye sahani, kwanza unakwanguliwa kwa kijiko na kutupwa. Kukwangua, si kusuuza. Sabuni ya mashine ina vimeng'enya vinavyovunja wanga na protini, na vimewekwa humo ili vipate uchafu wa kufanyia kazi. Anayesuuza kila sahani mpaka ing'ae halafu akaitia mashineni ameosha mara mbili, na amelipa maji mara mbili.

Mama mkwe hakubali. Anasema, na anasema kwa upole kwa sababu ni mtu mpole, "Mwanangu, chombo kichafu hakikai ndani ya sanduku pamoja na kisafi." Amekulia mahali ambapo vyombo huoshwa kwa utaratibu usiovunjwa: karai la sabuni, karai la kusuuza, glasi kwanza, vikombe, sahani, sufuria mwisho. Maji yanachafuka kwa hatua, na kila chombo kina zamu yake. Baadaye vyote vinaanikwa kwenye kichanja nje, juani. Sufuria zinasuguliwa kwa majivu na mchanga mpaka zing'ae, na mpita njia akizitazama anajua ndani mle kuna mtu wa namna gani. Huo ni ujuzi. Una kanuni zake, na kanuni hizo zinafuata maji vilevile kama za Birmingham.

Kwa hiyo mnaweza kufikiria siku sufuria yake ilipotoka mashineni ikiwa nyeusi.

Alikuwa amekuja nayo mwenyewe, imejaa mukimo, imefungwa kwa leso. Sufuria ya aluminiamu ya zamani, nene, kitako kimebonyea kidogo, ndani inameta kama kioo. Tulikula, tukashiba. Mume wangu, akitaka kumsaidia mama yake apumzike, aliitia kwenye trei ya chini. Ilitoka na rangi ya kijivu cha risasi, na ukiipitisha kidole inakuachia wino. Mama aliishika kwa mikono miwili, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akasema tu, "Hii nilinunua kabla hujazaliwa." Mume wangu hakulala vizuri usiku ule.

Kilichotokea ni kemia. Aluminiamu hujilinda kwa ngozi nyembamba sana ya oksidi juu yake. Sabuni ya mashine ina ukali wa magadi, na ikichanganyika na maji moto inaila ngozi hiyo na kuacha tabaka jeusi. Tiba yake ni kitu kichachu: jaza maji, kamulia malimau kadhaa, chemsha taratibu, kisha sugua. Tulifanya hivyo siku ya pili. Rangi ilirudi sehemu kubwa. Kung'aa kama kioo hakukurudi mpaka alipofika kwake na mchanga wake.

Tangu hapo kuna vitu ambavyo nyumbani kwetu haviingii mashineni, na katika hili hakuna mjadala. Sufuria zote za aluminiamu, yaani sufuria karibu zote za nyumba ya Kenya. Mwiko na ubao wa chapati, kwa sababu mbao hunywa maji, huvimba, zikikauka hupasuka. Kikaango cha chapati cha chuma, ambacho kinavuliwa mafuta yaliyokikinga na kuamkia kutu. Flaski ya chai, ambayo maji yakipenya kati ya kuta zake haiweki joto tena. Visu vya kukatia nyama, vinavyopoteza makali. Ukivitoa hivyo vyote, utaona kwamba mashine imebakiwa na sahani, bakuli, vikombe, glasi na vijiko. Kazi nzito ya jiko la Kenya bado iko kwenye sinki, na aliye kwenye sinki ni yule yule.

Mwiko hasa una kesi nyingine. Mpini wake ni mrefu. Binti yetu aliwahi kuutia kwenye trei ya juu, ukateleza katikati ya waya, ukaning'inia. Mashine ilipoanza tukasikia tak, tak, tak, halafu kimya. Mkono ulio chini ya trei hiyo ulikuwa umegonga mpini na kukwama. Saa mbili zilipita, mashine ikatangaza imemaliza, na sahani zikatoka na vipande vya sukuma wiki vilivyokaushwa kwa joto mpaka vikashika kama rangi ya ukuta. Tangu siku hiyo dada haifungi mashine kabla ya kuisukuma mikono yote kwa kidole, mmoja mmoja, aone kama inazunguka. Hakufundishwa na mtu. Ni yeye aliyelazimika kubandua sukuma ile.

Kuhusu maji, hapa Nairobi huwezi kuongelea chombo chochote cha kuoshea bila kuyagusa. Sehemu kubwa ya maji ya mfereji wa mji huu hutoka bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994 kwenye mto Thika, lenye uwezo wa kuhifadhi mita za ujazo milioni 70. Ndakaini iko Gatanga. Mama mkwe akisimama kwenye sinki letu anaosha kwa maji ya kwao, na analijua hilo vizuri kuliko sisi. Mara ya kwanza nilipomwambia kwamba mashine inatumia kama lita 12 kwa mzunguko mmoja, aliniuliza ilivyowezekana sahani zote zile zioshwe kwa maji yasiyojaa mtungi. Nilimwonyesha kwamba yanarudi na kurudi. Akasema, "Basi yanaosha yakiwa machafu." Nilimjibu kwamba yanachujwa, na mwishoni yanaletwa mapya ya kusuuza. Akanyamaza, lakini si kwa kukubali.

Watetezi wa mashine hupenda kutaja utafiti wa Chuo Kikuu cha Bonn, Ujerumani, uliowapa watu zaidi ya mia moja wa nchi mbalimbali za Ulaya rundo la vyombo vya watu 12 wavioshe kwa mkono. Kwa wastani walitumia maji ya zaidi ya lita mia moja. Mume wangu aliuleta utafiti huo mezani kama ushahidi. Mimi ninaukubali kwa watu wale, wengi wao wakiwa na mfereji unaotiririka muda wote. Lakini dada wetu huosha kwa karai mbili. Anayefungua mfereji mpaka mwisho huku akisugua sahani moja si yeye, na katika mji wenye mgao wa maji, ambako tangi la paani likiisha unangoja zamu ya mtaa wenu au unaita bauza, mtu aliyekua akibeba mitungi hahitaji kufundishwa kubana maji na Bonn.

Siku za mgao jengo letu hutumia maji ya kisima, na hayo yana madini. Glasi zinatoka na ukungu mweupe. Dawa yake ni chumvi ya mashine, inayotiwa kwenye tundu lake chini, ili ile sehemu inayolainisha maji ijisafishe. Chumvi ya mezani haifai. Ya kwetu imetiwa madini joto na vitu vya kuizuia isigande, na inaziba. Haya nayo aliyegundua kwamba glasi huwa na ukungu siku za kisima tu ni dada, kwa sababu ndiye anayezifuta.

Hatimaye nilimuuliza. Kwa nini unapanga hivi? Tulikuwa wawili tu jikoni, na alinionyesha kwa mkono huku akisema. Bakuli huwa kati ya sahani kwa sababu zinazitenganisha, zisilaliane. Vikombe vinaegemezwa, havisimamishwi wima, kwa sababu vina shimo chini ya kitako na maji hukaa pale. Vijiko vinachanganywa na uma ili visikumbatiane. Uma na visu vya mezani vinatazama chini, kwa sababu mtoto huingiza mkono kutafuta kijiko chake bila kuangalia. Kila kitu alichokuwa mume wangu akikipangua kilikuwa na sababu, na sababu hiyo ilitokana na kutoa vyombo asubuhi, saa kumi na moja na nusu, wakati sisi wengine tumelala.

Ndiyo maana nikaweka sharti moja na nikalisimamia: anayevitoa ndiye mwenye neno la mwisho katika kuvipanga. Mwingine akiona kasoro, aseme kwa mdomo, mbele ya mwenyewe, kwa sauti ambayo angetumia kwa mwenzake wa ofisini. Asiguse trei. Nilimwambia mume wangu kwamba kama fundi angekuja kuipaka gari lake rangi, na jirani akaja nyuma yake na brashi, sisi sote tungejua hilo linaitwaje. Alibisha kuhusu vijiko, akabisha kuhusu bakuli, mwishowe akaenda jikoni akamwomba dada radhi. Alimwita kwa jina lake, si "dada". Yeye akajibu, "Hakuna neno, Baba," lakini nilimwona amefurahi.

Suala la uma halijaisha. Mume wangu bado anaamini meno yakitazama juu yanaosheka vizuri zaidi, na huenda ni kweli. Hata watengenezaji wa mashine hawashauri kitu kimoja. Anaruhusiwa kuamini. Jumapili, dada akiwa mapumziko, yeye ndiye anayepanga na yeye ndiye anayetoa, na siku hiyo uma zetu zinatazama juu. Wiki za mwanzo alianza kuitoa trei ya juu kwanza, maji yote yaliyokaa kwenye vitako vya vikombe yakamwagikia sahani kavu za chini, akawa anafuta chombo kimoja kimoja kwa kitambaa. Sasa huanza na ya chini. Na vikombe, siku hizi, hata yeye anaviegemeza.